Kimondo cha Mbozi na Safari ya Mwezini



Mtu anayesimama mpakani Tunduma na kutazama upande wa Nakonde huona kwanza malori. Mengine yanapeleka mafuta, mbolea na bidhaa za madukani Zambia na Kongo. Mengine yanarudi na shaba kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Mahali kama hapo, penye vumbi na kelele za honi, si rahisi kuzungumza habari za kwenda Mwezini bila kuchekwa. Hata hivyo mada ya leo ndiyo hiyo, wala haikuletwa Tunduma kwa mzaha. Katika nchi inayoanzia hatua chache kutoka hapa alipata kutokea mtu aliyetangaza hadharani mpango wa kuwapeleka Waafrika Mwezini. Na katika Wilaya ya Mbozi, ndani ya mkoa huu huu wa Songwe, limelala bonge la chuma lililoshuka kutoka huko angani. Mambo hayo mawili yanazusha swali linalolihusu Taifa zima: je, nchi changa ipange nini kuhusu anga, na ianzie wapi?

Mtu huyo aliitwa Edward Mukuka Nkoloso. Alizaliwa mwaka 1919. Mkoloni alimchukua kupigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akafika hadi Burma. Aliporudi alifundisha shule, akaingia katika siasa za kudai uhuru, akakamatwa na kutiwa kifungoni. Zambia ilipopandisha bendera yake tarehe 24 Oktoba 1964, yeye alikuwa amekwisha kuanzisha kile alichokiita Chuo cha Taifa cha Sayansi, Utafiti wa Anga na Falsafa. Katika shamba moja nje ya Lusaka aliwakusanya vijana wachache akawafundisha kuwa wanaanga. Aliwatia ndani ya pipa la mafuta na kuliviringisha mteremkoni, wapate kuzoea misukosuko ya safari. Aliwapandisha juu ya bembea la kamba ndefu, na bembea lilipofika juu kabisa kamba ilikatwa, wapate kuonja hali ya kutokuwa na uzito. Roketi yake aliiita D-Kalu 1. Aliyetarajiwa kutangulia ni binti aliyeitwa Matha Mwamba, akifuatana na paka. Nkoloso aliliomba Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, pauni milioni 7. Fedha hazikuja. Serikali ya Rais Kenneth Kaunda haikuutambua mpango wake kuwa mpango wa Taifa, vijana wakatawanyika, na binti yule akarejea kwa wazazi wake.

Waandishi wa magazeti ya Ulaya na Marekani walicheka sana. Kwao hii ilikuwa habari tamu: Mwafrika aliyepata uhuru jana, leo anataka kwenda Mwezini ndani ya pipa. Kicheko hicho kilikuwa na dharau ya zamani ndani yake, nayo haistahili kurithiwa na Waafrika wenyewe. Yafaa mwalimu wa fizikia alitazame lile bembea kwa makini. Kitu kinachoanguka bila kuzuiwa na chochote hakihisi uzito wake. Hiyo ndiyo kanuni, na ndiyo hiyo hiyo waliyoitumia Wamarekani walipowafundisha wanaanga wao katika ndege zilizopanda juu na kisha kuachiwa zishuke kwa mkunjo maalumu. Nkoloso alikuwa na kamba mahali ambapo wao walikuwa na ndege. Kanuni aliijua.

Alichokosa hakikuwa akili, wala si ndoto. Zambia ilipata uhuru ikiwa na wazalendo wapatao mia moja tu waliomaliza masomo ya chuo kikuu. Kati ya ndoto ya Nkoloso na Mwezi palikuwa na pengo, na pengo hilo hujazwa na watu: mafundi mchundo, wakokotoaji wa hesabu, wahandisi, wafua vyuma, na nyuma yao wote walimu wa sayansi. Mkoloni hakuwaacha watu hao kwa sababu hakuwahitaji. Pauni milioni 7 zisingeweza kuwanunua kwa mwaka mmoja. Wako wanaosema kwamba mpango mzima ulikuwa kificho cha kuwafundishia wapigania uhuru, na kweli miaka ya baadaye Nkoloso alifanya kazi katika kituo cha ukombozi mjini Lusaka, akiwahudumia wapiganaji wa nchi za kusini zilizokuwa bado chini ya wakoloni na makaburu. Alifariki mwaka 1989. Kama alikuwa na mpango wa pili nyuma ya ule wa kwanza, yeye ndiye aliyeujua vizuri.

Hapa Tanzania hakutokea Nkoloso. Kuna maneno yanayonukuliwa mara nyingi kwa jina la Mwalimu Julius Nyerere, kwamba wakati wengine wanajitahidi kufika Mwezini, Watanzania wangali wanajitahidi kufika kijijini. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtu aliyezijua barabara za miaka ile. Lakini maneno hayo yamepata kutumiwa vibaya na watu wenye uvivu wa kufikiri, kana kwamba Mwalimu aliitenga sayansi na mwananchi wa kijijini, au kana kwamba umaskini ni hati ya ruhusa ya kutojifunza mambo magumu. Historia inawakanusha. Chini ya uongozi wake Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, wakati vijiji vingi vilikuwa bado havina maji ya bomba. Chini ya uongozi wake pia ilijengwa reli ya TAZARA inayopita hapa hapa Tunduma, yenye urefu wa kilomita 1,860, baada ya nchi za Magharibi na Benki ya Dunia kusema kwamba haina faida. Kiongozi anayesubiri vijiji vyote vipate kila kitu kwanza hafanyi mambo hayo.

Inafaa kuitazama reli hiyo kwa jicho la mada ya leo. Tarehe 24 Aprili 1970 China ilirusha angani setilaiti yake ya kwanza. Oktoba mwaka huo huo ujenzi wa TAZARA ulianza. Taifa lililofanya mambo hayo mawili kwa mwaka mmoja halikuwa tajiri. Wakulima wake wengi walikuwa maskini sawa na mkulima wa Mbozi wa wakati ule. Wahandisi na mafundi wa Kichina walikuja na kulala katika mahema pamoja na vijana wa Kitanzania, na baadhi yao hawakurudi kwao. Makaburi yao yako Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Reli ilikabidhiwa mwaka 1976. Leo China ni miongoni mwa mataifa machache yenye mpango wa kweli wa kupeleka watu Mwezini, nayo imejiwekea mwaka 2030. Juni 2024 chombo chake kisicho na mtu kilileta duniani udongo wa upande wa Mwezi usioonekana kutoka hapa duniani, jambo ambalo hakuna taifa lililokuwa limelifanya kabla yake.

Wamarekani walitangulia. Rais Kennedy alitangaza azma hiyo Mei 1961, na tarehe 20 Julai 1969 Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakatua, huku Michael Collins akiwazungukia juu. Watu kumi na wawili walikanyaga Mwezi, wa mwisho Desemba 1972, kwa gharama ya takriban dola bilioni 25 za wakati ule. Tangu hapo hakuna aliyerudi kuukanyaga. Kwa nchi kama Tanzania mfano huo ni wa kushangaza kuliko kufundisha, maana hakuna hazina ya Afrika yenye fedha za namna hiyo.

India ndiyo inayofundisha. Roketi yake ya kwanza iliruka Novemba 1963 kutoka Thumba, kijiji cha wavuvi, na wataalamu walitumia jengo la kanisa kuwa ofisi yao. Sehemu za roketi zilipelekwa kwa baiskeli, na picha za baiskeli hizo zipo hadi leo. Roketi yenyewe ilitoka Marekani. Lakini kiongozi wa kazi hiyo, Vikram Sarabhai, alishikilia kwamba India haiendi angani kushindana na matajiri. Inakwenda kutafuta zana za kutatua shida za watu wake. Hayakuwa maneno matupu. Kuanzia Agosti 1975 hadi Julai 1976 India iliazima setilaiti ya Marekani ikaitumia kupeleka vipindi vya televisheni vya kilimo, afya na elimu katika vijiji vipatavyo 2,400. Kijiji kilifikiwa kwa njia ya anga. Wahandisi waliotengeneza mitambo ya vijiji hivyo walibaki, wakafundisha wengine, na wale wakafundisha wengine tena. Tarehe 23 Agosti 2023 chombo cha India, Chandrayaan-3, kilitua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi kwa gharama ya takriban dola milioni 75. Sasa India inasema itampeleka mtu wake ifikapo mwaka 2040. Imetumia miaka sitini kufika mahali pa kuweza kusema hivyo bila kuchekwa.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake ya anga, wala si fupi. Tatizo lake ni kwamba sehemu kubwa ilikuwa mali ya wengine. Mwaka 1960 Uingereza, bila ridhaa ya Wazanzibari, iliiruhusu Marekani kujenga kisiwani Unguja kituo cha kufuatilia safari za wanaanga. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa mojawapo ya vituo vilivyozungumza naye na kupokea habari za mapigo ya moyo wake. Safari hizo ndizo zilizokuwa ngazi ya kupandia Mwezini. Wananchi waliandamana, wakiogopa kwamba kisiwa chao kinageuzwa ngome ya makombora. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliwataka Wamarekani wakiondoe kituo hicho, nacho kikafungwa Aprili mwaka huo. Uamuzi huo ulikuwa haki ya nchi huru katika siku zile za vita baridi. Linalosikitisha ni jambo jingine: sauti za wanaanga zilipita juu ya shule za Unguja kwa miaka miwili, na shule hizo hazikupata darasa hata moja lililowekwa katika makubaliano.

Kenya nayo, Waitaliano walirusha roketi kutoka majukwaa ya San Marco, baharini karibu na Malindi, kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliruka kutoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo angani, ikapewa jina la Uhuru. Jina lilikuwa la Kiswahili. Kilichokuwa ndani yake kilikuwa cha Marekani. Ilipita miaka 48 kabla ya kifaa kidogo kilichotayarishwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na washirika wake kufika angani, mwaka 2018. Mwaka 2023 Kenya ikafuatisha Taifa-1. Rwanda na Uganda nazo zimekwisha kupeleka setilaiti zao ndogo.

Na Tanzania? Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba Taifa limeanza safari ya kuwa na setilaiti yake. Huo si mpango wa kwenda Mwezini, wala hakuna aliyeomba uwe hivyo. Lakini ni mpango wa anga, na kila mtumishi wa umma mwenye kalamu ya kuandika bajeti, hata akiwa Vwawa au Momba, ana haki ya kuuliza habari zake.

Anga kwanza imekwisha kufika Tunduma. Malori ya mizigo ya nchi jirani yanayoonekana mpakani hufungwa vifaa vya kufuatilia mzigo vya Mamlaka ya Mapato, na vifaa hivyo hujua mahali vilipo kwa kusikiliza setilaiti. Mabasi ya kwenda Dar es Salaam hufuatiliwa mwendo kwa njia hiyo hiyo. Mkulima wa kahawa na mahindi wa Mbozi anaposikia redioni utabiri wa mvua, sehemu ya utabiri huo imetoka kwenye picha zilizopigwa kutoka juu. Kwa hiyo swali la kama nchi maskini inahitaji anga limekwisha kujibiwa na foleni ya malori. Linalobaki ni kama Mtanzania atakuwa mteja wa huduma hizo daima, akilipia asichokielewa, au atakuwa na watu wanaojua kifaa kimeundwaje na kinarekebishwaje kikiharibika.

Setilaiti inaweza kununuliwa. Taifa linaweza kutoa fedha, likapokea kifaa kilichokamilika, likakaribisha bendi na wapiga picha siku ya kurushwa, na baada ya miaka michache kifaa kikazimika na kuungua angani, kikabaki cheti ukutani. Hilo ndilo la kuhofia. Mkataba wa setilaiti unaofaa ni ule unaotaja kwa idadi ni vijana wangapi wa Kitanzania watakaokaa katika karakana inapoundwa, kwa muda gani, na watakaporudi watafundisha chuo gani. Kifungu hicho kikikosekana, kisiwa cha Unguja cha mwaka 1962 kitakuwa kimerudi kwa sura nyingine, safari hii kwa ridhaa ya wenyewe.

Na vijana hao watatoka wapi? Wengi mnakumbuka agizo la Rais Jakaya Kikwete, kwamba kila sekondari ya kata iwe na vyumba vitatu vya maabara: fizikia, kemia na baiolojia. Wananchi walichanga. Viongozi wa vijiji walipita nyumba kwa nyumba, walimu wakuu walikosa usingizi, na matofali yalisimama kwa jasho la watu ambao wengi wao hawakupata kuingia katika maabara maishani mwao. Ilikuwa kazi kubwa ya kujitegemea, wala isibezwe. Lakini kila mtu aliyemo humu anajua shule ambako chumba cha maabara kinatumika kuhifadhi madawati mabovu, au ambako mwanafunzi huchora mizani bila kupata kuigusa, akafaulu mtihani wa kuichora. Chumba si maabara. Mahali pa kuanzia mpango wa anga ni hapo, nako kuna gharama ndogo kuliko roketi yoyote, ingawa hakuna bendi itakayopigwa siku mizani itakapofika.

Zaidi ya hayo, mkoa wa Songwe umepewa kitu ambacho mikoa mingine haina. Nje ya barabara kuu ya Mbeya na Tunduma, kwenye kilima cha Marengi, kiko Kimondo cha Mbozi: tani zipatazo 16, urefu wa mita tatu hivi. Vitabu husema kwamba kilivumbuliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aliyeitwa W. H. Nott. Wenyeji walikuwa wakipita kando yake kabla babu yake Nott hajazaliwa. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, kilitangazwa kuwa kumbukumbu ya Taifa inayolindwa kwa sheria. Karibu asilimia 90 ya mwili wake ni chuma, na sehemu kubwa iliyobaki ni nikeli. Chuma chake kilipoa polepole mno, kwa mamilioni ya miaka, ndani ya gimba lililozunguka jua na kisha likavunjika; hakuna tanuru duniani linaloweza kuiga upoaji huo.

Na jambo hili halisemwi vya kutosha mashuleni: Wanyiha wa Mbozi walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma. Walijenga matanuru marefu ya udongo, wakachimba mawe yenye chuma, wakachoma mkaa, wakapata majembe na silaha, mpaka majembe ya viwandani yaliyoletwa wakati wa ukoloni yalipoizima kazi hiyo. Kwa hiyo mtoto wa Kinyiha anayeambiwa kwamba elimu ya vyuma ilikuja na Mzungu anadanganywa akiwa amekalia ushahidi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Huyu mgeni wa Marengi alikuja zamani sana, na mwenyeji hajamtumia bado isipokuwa kwa kupiga naye picha siku za mapumziko.

Mwalimu wa Kidato cha Pili anaweza kuwachukua wanafunzi arobaini wakiwa na tepu ya fundi seremala na kamba. Wapime urefu, upana na kimo, wakadirie ujazo wa umbo lile lisilonyooka, wabishane. Kisha wapewe uzito, tani 16, na waambiwe kwamba chuma cha namna hiyo kina uzito wa tani 7.9 kwa kila mita moja ya ujazo. Watakapogawanya watapata mita mbili za ujazo na kitu kidogo, yaani sawa na simtanki la lita 2,000 la namna ile iliyoko nyuma ya nyumba nyingi za Tunduma. Simtanki likijaa maji lina tani mbili. Kimondo, kwa ujazo ule ule, kina tani 16. Wanafunzi waulizwe kwa nini, na wasiambiwe jibu mpaka wamekwisha kupanda gari la kurudi.